Uzinduzi wa Msako

Jamhuri ya Shelabela haipo kwenye ramani yoyote, na kama msomaji amewahi kuishi huko namwomba anyamaze, asituharibie hadithi. Ni nchi tulivu, yenye amani ya kupigiwa mfano. Watu wake huuana kwa utaratibu.

Mwaka mambo haya yalipoanza, lori moja lililosheheni dawa za kulevya lilikamatwa nje kidogo ya bandari. Kulikamata hakukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba lilikamatwa mara mbili kwa wakati mmoja, mbele na Polisi, nyuma na Forodha. Polisi wakasema lori ni lao kwa kuwa wao ndio walioshika usukani. Forodha wakasema ni lao kwa kuwa mzigo uko nyuma. Maneno yakazaa matusi, matusi yakazaa ngumi, na ngumi hazikukawia kuzaa risasi. Kufikia adhuhuri barabara ilikuwa imejaa maiti za sare mbili, za khaki na nyeupe, na nawaambia kweli, damu haina adabu kabisa kwenye nguo nyeupe. Dereva wa lori, aliyekuwa amejikunyata chini ya usukani akimwomba Mola wake, aliinua kichwa, akaona hakuna aliyebaki wa kumkamata, akawasha gari akapeleka mzigo. Alichelewa kidogo, lakini tajiri wake alikuwa mwelewa.

Inspekta Tunu Makwinya wa Polisi alitoka pale na risasi ya bega. Aliyempiga alikuwa Kheri, mdogo wake wa tumbo moja, ofisa wa Forodha.

"Nililenga tairi, dada," Kheri alimwambia hospitalini, macho yamemvimba kwa kulia.

"Najua," Tunu akasema. "Tangu utoto hujawahi kupata ulicholenga."

Mama yao alikuwa amekuja na chupa ya uji. Aliwaapisha wote wawili palepale kitandani kwamba hawatanyoosheana tena silaha, wavae sare watakazovaa. Kisha akamgeukia Tunu. "Huyu ni wako. Marehemu baba yenu alikuachia wewe, hakumwachia mtu mwingine. Likimpata jambo, mimi nitakuuliza wewe."

Tunu akasema sawa, mama. Aliitamka sawa hiyo kwa uzito wote, na ndiyo iliyomponza.

*

Serikali ilisikitika sana kwa yaliyotokea barabarani, hasa kwa vile lori lilipotea. Ndipo ukapelekwa bungeni Muswada wa Sheria ya Kikosi Kazi cha Pamoja cha Kupambana na Uhalifu wa Kupangwa na Usafirishaji wa Dawa za Kulevya, jina refu kiasi kwamba Spika alilisoma nusu, akanywa maji, akalimalizia.

Dhamira ilikuwa njema. Tangu siku ile hakuna idara itakayomgusa mhalifu peke yake. Watamgusa wote kwa pamoja: Polisi, Forodha, Uhamiaji, Magereza, Zimamoto, na baada ya kilio kikubwa cha wabunge wa mikoa ya porini, Idara ya Nyuki. Ugomvi ulizuka kwenye suala la jina la idara ipi litangulie. Viti viliruka. Mbunge mmoja wa siku nyingi aling'atwa sikio likatoka lote, na kumbukumbu rasmi za Bunge zinaonyesha kwamba sikio hilo liliwasilishwa mezani na kupokelewa. Walioulizwa kama wanaafiki wakasema ndiyo, hata aliyekuwa akivuja damu, na sheria ikapita.

Ilikuwa na vifungu vitatu vilivyosifiwa mpaka nje ya nchi. Kifungu cha Ushirikishwaji kilisema wadau wote watakaoathiriwa na sheria hii lazima wawemo ndani ya Kikosi. Kifungu cha Uwazi kilisema kila mjumbe lazima atambulishwe mbele ya wajumbe wenzake. Na Kifungu cha Uratibu kilisema hakuna msako utakaoanza kabla ya kuzinduliwa na mgeni rasmi, na atakayeuanza kabla ya hapo atakuwa ametenda kosa la kuhujumu uratibu, ambalo kifungo chake ni kirefu kuliko cha kusafirisha dawa zenyewe. Waziri alilieleza vizuri jambo hilo. Msafirishaji, alisema, huumiza afya ya taifa, ila mtu asiyeratibiwa huumiza heshima yake.

Mratibu Mkuu akateuliwa, Kamishna mstaafu Lameck Sungwa, mzee mpole aliyekuwa na kipaji cha kuahirisha. Ikabaki kumpata mwakilishi wa wadau. Hapo hawakuhangaika. Nani ataathiriwa na sheria ya kuzuia dawa za kulevya kuliko Bwana Badru Mapembe? Ghala lake kule bandarini lilijulikana na kila mtu. Watoto wa mitaani walipocheza askari na majambazi walipigania nafasi ya kuwa Mapembe, aliyeshindwa ndiye akawa askari. Bwana Mapembe aliukubali uteuzi kwa unyenyekevu, akaahidi kuchangia maturubai na viti katika shughuli zote za Kikosi.

*

Wakati huo Kheri alikuwa na kazi ya hatari. Forodha walikuwa wamempenyeza ndani ya ghala la Mapembe akiwa kuli. Alifuga ndevu, akajiita Chande, akabeba magunia mpaka mgongo ukaota sugu. Walioijua siri hiyo ni mkurugenzi wake na Tunu tu. Kila jioni Kheri alimpitia dada yake uani, akamweleza lori lipi limeingia na nani kalipokea, na kila jioni Tunu alimwambia awe mwangalifu, akajibiwa usiwe na wasiwasi.

Kikosi Kazi kikaitisha kikao cha kwanza katika ukumbi wa chuo cha ualimu, na maofisa wote wakaamriwa kuhudhuria bila udhuru. Kheri alikaa safu ya mwisho kabisa, kofia imeshuka hadi puani. Tunu alikaa pembeni yake kumkinga. Mbele, kwenye meza kuu, Bwana Mapembe alikuwa akimenya karanga.

Shelabela haina kikao kisichoanza kwa utambulisho. Mtu anaweza kuja kutangaza kwamba jengo linaungua, na ataambiwa ajitambulishe kwanza. Basi wakaanza. Polisi wakatambulisha makamanda wao, wakamalizia kwa kumtambulisha mbwa wao wa kunusa, aliyesimama, akapunga mkono kama alivyofundishwa, akakaa. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mkurugenzi wa Forodha aliyasikiliza makofi yale kwa wivu.

"Ndugu wajumbe," alisema ilipofika zamu yake, "wenzetu wana mbwa. Sisi Forodha tuna mtu. Kheri, simama wakuone."

Hakuna aliyesimama. Tunu alimkanyaga mdogo wake mguu na kuubana chini.

"Kheri Makwinya. Pale nyuma. Usione haya kijana, hapa wote ni wenzako."

Vichwa vyote viligeuka. Kheri akasimama polepole.

"Vua kofia. Huyu kijana, ndugu wajumbe, tumempenyeza ndani ya ghala la Bwana Mapembe. Anabeba magunia, anakula na makuli, na tangu aingie hakuna aliyemgundua. Nadhani anastahili makofi kuliko mbwa."

Akapigiwa makofi kweli, marefu. Aliyepiga mpaka mwisho alikuwa Bwana Mapembe. Kisha akashuka kutoka meza kuu, akaja hadi safu ya nyuma, akamshika Kheri mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera sana, Chande," alisema. "Mimi nilikuwa najiuliza, kuli gani huyu anayesoma maandishi ya kwenye magunia."

Tunu alitaka kuinuka amtoe mdogo wake mlango wa nyuma, lakini zamu ya kumtambulisha yeye ikawa imefika, akaitwa jina, akalazimika kusimama na kusema cheo chake, kituo chake na matarajio yake kwa kikao. Alipokaa, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Dirishani aliliona gari la Bwana Mapembe likitoka, na Kheri amebanwa kiti cha nyuma kati ya wanaume wawili wenye shingo nene. Wajumbe waliokuwa karibu walifurahi kuona mdau anampa ofisa wa serikali lifti.

*

"Wanamuua," Tunu alimwambia Kamishna Sungwa. Alikuwa amekimbia mpaka ofisini kwake bila viatu. "Nipe watu wachache tu, afande. Tuvunje mlango sasa hivi."

Kamishna alimkaribisha kiti. Alikuwa na huruma ya kweli, machozi yalimlengalenga. "Huo utakuwa msako wetu wa kwanza, Inspekta. Tena una sababu nzuri sana. Tusiuharibu kwa papara. Nitampigia Mheshimiwa Waziri, nimwombe kesho aje atuzindulie."

"Kesho mdogo wangu atakuwa maiti."

"Haraka haraka haina baraka, mama," alisema Kamishna, akanyanyua simu kuulizia tarumbeta.

Kulipokucha, eneo la mbele ya ghala lilikuwa limependeza. Maturubai ya Bwana Mapembe yalikuwa yamesimamishwa, viti vimevishwa vitambaa, na utepe mwekundu umefungwa mlangoni kutoka bawaba hadi bawaba. Bwana Mapembe mwenyewe aliwasaidia kuupigilia misumari, maana ni mlango wake na alijua ni wapi mbao zimeoza. Silaha za idara zote zilikuwa zimekusanywa na kuwekwa chini ya meza kuu, zigawiwe baada ya uzinduzi, kama Sheria ilivyotaka. Maofisa walikaa kwa safu wakinywa soda.

Ndani ya ghala mtu alikuwa akilia.

Kilio kilitoka kwa vipindi, kirefu, halafu kimya, halafu kirefu tena. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akawaomba radhi wageni kwa kelele za ndani, akawaambia wapiga tarumbeta waongeze pumzi. Wakaongeza. Tunu alikuwa ameisikia sauti ile ikilia tangu siku ilipozaliwa, na hapakuwa na tarumbeta la kuifunika.

Alimwendea Bwana Mapembe kwenye safu ya mbele, akapiga magoti. Ndiyo, Inspekta mzima alipiga magoti kwenye vumbi. "Bwana Mapembe, nakuomba. Waambie vijana wako wamwachie. Nitakupa chochote."

Bwana Mapembe alimtazama kwa masikitiko. "Dada yangu, mimi nipo hapa kama mdau. Ya ndani yana wasimamizi wake. Nikiingilia, nitakuwa nimekiuka uratibu."

Waziri alifika jua likiwa la utosi. Ikasomwa dua, ikasomwa sala. Wajumbe wakatambulishwa upya, mbwa akapunga mkono. Kikundi cha ngoma kikacheza na kuomba kucheza tena. Hatimaye Waziri akapanda jukwaani, akafungua hotuba nene, akakohoa.

"Ndugu wananchi," alianza, na ndani ya ghala kilio kikapanda mpaka maofisa wa Zimamoto wakatazama chini.

Alizungumzia historia ya ushirikiano, akazungumzia mshikamano. Alipofika kwenye umuhimu wa kuwa na lugha moja, Kheri alikuwa ameacha kulia ovyo na kuanza kuita. Aliita "dada." Aliita hivyo mara kadhaa, kisha akanyamaza katikati ya neno.

Waziri alipindua ukurasa. Bado kurasa zilikuwa nyingi.

Kando ya jukwaa binti mmoja alikuwa amesimama na sinia lenye kitambaa cheupe, na juu yake mkasi wa kukatia utepe. Tunu alitembea hadi pale, akauchukua mkasi. Binti alidhani ni sehemu ya ratiba, akainama kwa heshima. Tunu akaukata utepe, akausukuma mlango kwa bega lake bovu, akaingia.

Mtu wa kwanza alikuwa ameketi nyuma ya mlango akisikiliza hotuba. Tunu alimchoma mkasi shingoni kabla hajainuka, akamnyang'anya bunduki akiwa bado anakoroma damu. Wa pili alimjia na panga, akampiga risasi ya tumbo, akamruka. Wa tatu aliinua mikono akasema anajisalimisha. Mkononi alikuwa na koleo la bustani, lile la kukatia matawi, na lilikuwa linadondosha damu. Tunu alilitazama lile koleo, akampiga risasi ya uso. Sitamtetea. Nasimulia tu.

Kheri alikuwa ananing'inia kwenye ndoano ya mizani, pale wanapopimia magunia, na mshale wa mizani ulionyesha uzito wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na dole gumba tu. Alikuwa anapumua.

Kule nje, risasi moja ilikuwa imetoboa bati na turubai. Maofisa hawakuweza kuingia ghalani kwa kuwa msako ulikuwa haujazinduliwa, lakini hawakuwa tayari kukaa bure wakati watu wanapigana. Walikimbilia silaha chini ya meza kuu, na kila aliyefika alikuta mwenzake wa idara nyingine kashika bunduki yake. Wakaanza tena palepale walipoachia barabarani. Polisi waliwapiga Forodha, Forodha wakawapiga Polisi, Magereza wakampiga kila aliyekuwa akikimbia, kwa mazoea. Ofisa wa Idara ya Nyuki alikufa akiwa na soda mkononi. Mbwa wa kunusa alikufa pia, na ndiye pekee aliyeandikiwa taarifa ya rambirambi siku hiyohiyo.

Waziri alikuwa chini ya meza na kipaza sauti chake, anaendelea kusoma. Tunu alipotoka amembeba Kheri mgongoni, akipita juu ya waliolala na waliokufa, hotuba ilikuwa inafika mwisho. "Na sasa," sauti ilisema kutoka chini ya kitambaa, "natamka kwamba msako umezinduliwa rasmi." Waliokuwa na mikono mizima walipiga makofi.

*

Sheria ilikuwa wazi. Mzigo wote uliokutwa ghalani ulikuwa umeonekana kabla ya uzinduzi, kwa hiyo haukuwa ushahidi, na kisichokuwa ushahidi hurudishwa kwa mwenyewe. Bwana Mapembe alikabidhiwa magunia yake, akaombwa radhi kwa mlango. Akabaki mtu mmoja tu wa kushitakiwa chini ya Sheria mpya, na idara zote kwa mara ya kwanza zilikubaliana ni nani.

Wakili wa Tunu alikuwa mwanamke kijana mwenye imani na mahakama. Alimleta shahidi mmoja. Kheri alipanda kizimbani taratibu, bendeji imefunika mkono wa kushoto, na wakili akamwomba aeleze yaliyompata.

"Nilikuwa nasikia hotuba," Kheri alisema. "Ukuta ni wa bati, unasikia kila kitu. Na wao walikuwa wanaisikiliza, maana ndiyo waliyokuwa wanaifuata. Mheshimiwa aliposema ndugu wananchi, walikata hiki kidogo. Aliposema historia ya ushirikiano, wakakata cha pete. Kwenye mshikamano wakakata cha kati. Kwenye lugha moja wakakata cha shahada. Walicheka, wakaniambia tuombe Mheshimiwa asiwe na mengi. Mimi nilimwita dada. Halafu sikumbuki, na nilipofungua macho nikamwona yeye."

Mama yao alilia kwa sauti. Karani alilia, askari wa mlangoni alilia, na hata Hakimu alivua miwani akaifuta. Wakili alikaa akiwa na hakika kwamba mteja wake atalala nyumbani.

Mwendesha mashitaka alisimama. Naye alikuwa anafuta machozi. "Pole sana, shahidi. Nina swali dogo tu. Kabla mshitakiwa hajaingia, ulisikia Mheshimiwa akisema msako umezinduliwa?"

Kheri alielewa. Alimtazama dada yake, akamtazama mama yake. "Nilisikia," alisema.

"Una hakika?"

"Nilisikia kabisa. Kazindua, ndipo dada akaingia."

"Vizuri. Umeieleza Mahakama jinsi kila sehemu ya hotuba ilivyokwenda na kidole chake." Mwendesha mashitaka alisema hayo kwa upole mkubwa. "Hebu tuonyeshe kidole walichokata alipozindua."

Mkono wa kulia wa Kheri ulikuwa juu ya ubao wa kizimba, na vidole vyote vitano vilikuwepo. Aliuondoa taratibu, akauficha nyuma ya mgongo, lakini Hakimu alikuwa ameshauona na ameshaanza kuandika.

Alisoma hukumu kwa sauti iliyokwamakwama. Alisema Mahakama inampa pole shahidi kwa vidole alivyopoteza, na kwamba vidole alivyobaki navyo vinathibitisha bila shaka yoyote kuwa mshitakiwa aliwahi. Kuwahi ndilo kosa lenyewe. Akamfunga miaka kumi na tano.

Walimtoa Tunu hadi ngazi za mbele. Kila idara ilikuwa imeleta pingu zake, wakazifunga zote kwa kupangana kuanzia viganja hadi viwiko. Gari la Magereza lilikuwa limepambwa maua. Mama yake alipita katikati ya askari, akasimama mbele yake.

"Mama," Tunu akasema, "uliniambia utaniuliza."

"Sina swali," mama akajibu.

Kheri alikuja nyuma yake, hawezi kuinua uso. "Dada, nimekufunga mimi. Bora ningekuwa na kimoja zaidi cha kuwaonyesha."

"Acha upuuzi wako," Tunu alisema. "Lete mkono. Siyo huo, huu mzima." Aliupokea kwa viganja vyake viwili vilivyofungwa pamoja, akavifumba vidole vile vyote ndani, na hakuuachia.

Askari aliyemsindikiza alikohoa kwa aibu. Alieleza kwamba hawawezi kuondoka bado, maana Tunu ni mfungwa wa kwanza wa Sheria hii na safari yake inapaswa kuzinduliwa. Mgeni rasmi alikuwa amepiga simu kusema yuko njiani, kachelewa kidogo.

Tunu akaketi kwenye ngazi, mdogo wake upande mmoja na mama yake upande wa pili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akamwombea mgeni rasmi foleni ndefu.